Bidhaa Zilikuwa na Bima, Watu Hawakuwa na Msemaji

Katika ukuta wa ghorofa ya pili ya jengo ninalofundishia umening'inia mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Wiki iliyopita, nikisubiri darasa lililotangulia litoke, niliusogelea kwa mara ya kwanza. Mshale wa kipimo chake ulikuwa umelala kwenye eneo jekundu: mgandamizo umekwisha, na mtungi hauwezi kurusha chochote. Kadi ya ukaguzi ilikuwa imefifia kiasi cha kutosomeka. Nimeupita mtungi ule kwa miaka kadhaa, mimi mwenye shahada ya uzamivu, bila kuutazama. Makala haya yametokana na aibu hiyo.

Swali nililorudi nalo ofisini lilikuwa la kihistoria: vifaa hivi vilianza vipi, na vilimlinda nani kwanza?

Mtungi wa kubebeka tunaoufahamu leo una babu yake huko Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya 19, George William Manby alitengeneza chombo cha shaba chenye maji yaliyochanganywa na magadi ya potasi, yakisukumwa na hewa iliyoshindiliwa. Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1874, pale Henry Parmelee wa New Haven, Marekani, alipobuni kinyunyizi cha maji kinachojifungua chenyewe. Siri yake ilikuwa lehemu laini: joto la moto likipanda, lehemu huyeyuka na maji hububujika bila kumsubiri mtu. Parmelee alikifunga kifaa hicho katika kiwanda chake cha piano.

Msomaji azingatie neno piano. Waliovisambaza vinyunyizi hivyo kwa bidii katika viwanda vya nguo vya Marekani walikuwa watu wa bima, na hesabu yao ilikuwa rahisi: kiwanda chenye vinyunyizi kilitozwa ada ndogo, kwa kuwa bidhaa zake zilikuwa na nafasi kubwa ya kunusurika. Pamba ilikuwa na msemaji. Piano ilikuwa na msemaji. Mfanyakazi aliyesimama kando ya mashine hakuwa naye.

Gharama ya tofauti hiyo ilionekana New York jioni ya Jumamosi, tarehe 25 Machi 1911. Kiwanda cha mashati cha Triangle kilikuwa katika ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10 za jengo lililosifiwa kuwa haliungui. Ni kweli, jengo halikuanguka. Walioungua ni watu. Vinyunyizi vilikuwa vimekwisha kuwapo duniani kwa zaidi ya miaka 30, lakini pale wafanyakazi walikuwa na ndoo za maji tu. Mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za zimamoto ziliishia karibu na ghorofa ya 6. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji wa Kiyahudi na Kiitaliano, baadhi yao wakijirusha madirishani.

Wenye kiwanda walishitakiwa, wakaachiwa huru. Walilipwa bima ya mali yao. Mwaka 1914, katika shauri la madai, walikubali kulipa dola 75 kwa kila marehemu.

Aliyeshuhudia wasichana wale wakianguka alikuwa Frances Perkins. Alishiriki katika kazi ya tume iliyochunguza viwanda vya jimbo zima, na sheria zilizofuata zilidai milango isiyofungwa, mazoezi ya kujiokoa, na vinyunyizi katika viwanda vya ghorofa nyingi. Mwaka 1933 akawa Waziri wa Kazi wa Marekani, mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la nchi hiyo. Jengo lile bado limesimama. Leo ni mali ya chuo kikuu, na wanafunzi wanasomea humo.

Nimerejea kwetu. Juni 1994, wasichana zaidi ya 40 wa Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, waliteketea bwenini usiku. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Nakumbuka redio ikisoma taarifa na mama akinyamaza. Novemba ya mwaka huohuo, Marekani ilianza kutumia kiwango kipya cha mitambo ya kuzima moto katika majiko ya biashara, kwa sababu mafuta ya mimea na vikaango vya kisasa vilikuwa vimeishinda mitambo ya zamani. Mwaka mmoja, dunia mbili: kwingine wanajadili moto wa kikaango, kwetu tunazika watoto.

Na hata huo moto wa kikaango tunao. Tazama kantini yoyote inayokaanga chipsi. Mafuta yakishika moto, mtu hukimbilia maji. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafla, na kuyarusha mafuta yakiwaka hadi darini. Mtungi wa unga unaweza kuua mwali, kisha mafuta yaliyo moto bado yakawaka tena. Dawa inayofaa ni ya majimaji yenye chumvi za potasi: hukutana na mafuta, huyageuza kuwa povu la sabuni, huyafunika na kuyapoza. Mwanamke anayekaanga pale kwa saa kumi kwa siku hajawahi kuambiwa jambo hili.

Sheria tunayo. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inatoa mamlaka ya kukagua majengo. Lakini historia niliyoieleza inaonyesha kwamba kifaa huwahi kufika, na uwajibikaji huchelewa, mara nyingi hadi maiti zihesabiwe. Hatuna sababu ya kuingoja hesabu hiyo.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa: ripoti ya ukaguzi wa jengo ibandikwe mlangoni, si kufungiwa kabatini. Kwa wanafunzi: ulizeni ufunguo wa mlango wa dharura wa bweni lenu uko kwa nani, na usiku analala wapi. Mimi nimeandika barua kuhusu mtungi wa ghorofa ya pili. Bado sijajibiwa, na mshale bado uko kwenye nyekundu.