Mjusi wa Tendaguru na Mwanafunzi Mzito

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi katika bonde la Kilombero, si mbali na Ifakara. Katika darasa la sita nililolifundisha Sayansi alikuwapo mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi, ambaye kila akiulizwa swali alinyamaza kwanza. Wenzake wamekwisha kunyosha mikono, yeye bado anatazama dirishani. Siku moja uvumilivu ulinishinda. Nikamwambia mbele ya wote kwamba yeye ni mjusi wa Tendaguru: mwili mkubwa, ubongo mdogo, ukimkanyaga mkia leo atasikia kesho. Darasa zima likacheka. Tangu hapo jina lake likawa Mjusi, na kabla mwaka haujaisha akaacha shule.

Habari hizo za mjusi nilizisikia nilipokuwa chuo cha ualimu, nami niliziamini. Ni vyema basi nieleze zilikotoka.

Tendaguru ni kilima mkoani Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuta pale mifupa mikubwa iliyogeuka mawe. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Berlin, Werner Janensch na Edwin Hennig, waliongoza uchimbaji. Lakini kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya watu wetu, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na mizigo ilibebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mjusi mkubwa kuliko wote, aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, alisimamishwa katika makumbusho ya Berlin mwaka 1937. Kimo chake kinapita meta 13.

Nafasi ya ubongo katika fuvu lake ilionekana kuwa ndogo mno, kama theluthi moja ya lita. Pale pale Tendaguru alipatikana pia Kentrosaurus, mjusi wa miiba, mwenye uwazi mpana katika uti wa mgongo, nyongani. Juu ya jamii hiyo ya mijusi kukazuka maneno kwamba walikuwa na ubongo wa pili, ili mkia usingoje amri kutoka kichwani. Siku hizi inajulikana kwamba hata kuku ana uwazi wa namna hiyo nyongani, na ndani yake hamna ubongo.

Na je, huo uzito wa kusikia? Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz alipima mwendo wa habari katika mshipa wa fahamu wa chura, akapata kama meta 27 kwa sekunde. Kwa tembo, vipimo vilivyotolewa mwaka 2010 vilionyesha kama meta 70. Sasa, msomaji wangu, tufanye hesabu ya shule ya msingi. Tuseme kutoka ncha ya mkia hadi kichwa ni meta 25. Kwa mwendo wa chura, habari ingefika kabla ya sekunde moja kwisha. Kwa mwendo wa tembo, ingechukua zaidi kidogo ya theluthi ya sekunde. Hesabu ya chura ningeweza kuiandika ubaoni mwaka ule ule wa 1983. Sikuiandika.

Tena sisi wa bondeni tulikuwa na mafundisho mlangoni. Mamba ana ubongo mdogo na hulala mchangani kama gogo, lakini wachota maji wa Kilombero wanajua wepesi wake. Tembo ana ubongo wa kilo 5 hivi, naye hana papara. Huko Amboseli, Kenya, Karen McComb na wenzake walieleza mwaka 2014 kwamba tembo husikiliza sauti za watu na kuzipambanua. Wakisikia sauti ya mwanamume wa Kimaasai hujikusanya, hunusa hewa na kuondoka kimya, kuliko wanaposikia ya Mkamba, au ya mwanamke, au ya mtoto. Husimama kwanza, ndipo waamue.

Mwaka 1996, kabla ya daraja la Kilombero kujengwa, nilivushwa kwa mtumbwi. Mwenye mtumbwi aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nikamtambua. Tulikuwa tumekwisha kupanda, lakini hakusukuma. Aliutazama mto kwa muda mrefu, nami nikaanza kuhangaika. Mara kiboko akaibuka pale pale ambapo tungepita. Alimwacha aende zake, kisha akatuvusha salama.

Ng'ambo nilimwomba radhi kwa neno la mwaka ule. Alinyamaza, kama alivyokuwa akifanya darasani. Safari hii nilingoja. Mwishowe akasema, "Mwalimu, wanangu wanasoma. Waambie walimu wao wasiwaharakishe."

Nimewaambia. Na ninyi mnaofundisha leo, nawaambia pia.