Kasiterite na koltani: fomula inasema uzito gani?

Kasiterite ya Bisie, huko Walikale, fomula yake ni SnO2: atomi moja ya bati, mbili za oksijeni. Uzito wa atomi ya bati ni 118,7, wa oksijeni ni 16. Oksijeni mbili ni 32, jumla 150,7. Gawa 118,7 kwa 150,7, zidisha mara 100, unapata 78,8.

Basi kilo 100 za kasiterite safi, bila mchanga hata kidogo, zina kilo 78,8 za bati. Kupita hapo haiwezekani. Mtu akikuambia mzigo wake wa kasiterite una bati 85 %, mashine imekosea, ao yeye njo anadanganya.

Koltani, kama ile ya Rubaya, ndiyo inasumbua zaidi, kwani bei inafuata Ta2O5, si tantali peke yake. Ndani ya Ta2O5, tantali ni 81,9 %. Mashine ikiandika Ta 24,6, zidisha kwa 1,221: ni Ta2O5 30. Mchimbaji akikubali 24,6 ihesabiwe kama Ta2O5, amepoteza pointi zaidi ya 5. Kwa hiyo, mbele ya kuangalia namba, angalia kwanza herufi zilizoandikwa kando yake.