Uvimbe ambao mpasuaji huubakiza makusudi

Kati ya aina za uvimbe zinazoota ndani kabisa ya ubongo wa watoto, kraniofarinjioma ina hila ya pekee. Si saratani, wala haisambai mwilini. Balaa lake ni mahali ilipo: nyuma ya macho, karibu na neva za kuonea, tezi ya pituitari na haipothalamasi, sehemu inayotawala njaa, kiu na usingizi.

Jina hilo lilienezwa na mpasuaji Mmarekani, Harvey Cushing, mnamo 1932. Kwa muda mrefu nia ya wapasuaji wengi ilikuwa kuung'oa uvimbe wote. Watoto kadhaa waliokolewa hivyo, lakini wakabaki na njaa isiyoshibika, unene wa kupindukia na haja ya homoni za dawa maishani mwao.

Siku hizi, uvimbe ukiwa umeng'ang'ania haipothalamasi, wapasuaji wengi huondoa sehemu tu, kwa kufungua fuvu au kupitia puani, kisha masalio hutibiwa kwa miale. Kwa hivyo mzazi akiambiwa kwamba kidogo kimebakizwa, asidhani daktari ameshindwa kazi. Hata hivyo, masalio yaweza kukua tena, na mtoto hupigwa picha za MRI kwa miaka mingi.

Dalili za awali ni kuumwa kichwa, kutapika, kutoona vyema pembeni na kutorefuka, jambo ambalo ni rahisi kulidhania urithi tu.