Kitambi cha ukomo wa hedhi: Kwa nini tumbo linatoka hata kama chakula ni kilekile

Sketi iliyomkaa vizuri mwaka jana sasa haifungi kiunoni. Mikono ni ileile, chakula ni kilekile, lakini tumbo limetoka. Wengine wanampongeza: "Maisha yamekukubali, mama!" Wengine wanamuuliza kama ana mimba. Mwenyewe ana miaka 48 na hajui amekosea wapi.

Kwa wanawake wengi, jibu liko kwenye mabadiliko ya homoni yanayokuja na ukomo wa hedhi. Sio uvivu, na sio lazima iwe ulafi. Ila sio kila tumbo linalokua katika umri huu ni la ukomo wa hedhi, na kuna dalili ambazo hazifai kusubiri.

Ukomo wa hedhi ni lini hasa?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Mwanamke huhesabiwa amefika hapo akimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na hakuna sababu nyingine kama ujauzito, kunyonyesha au dawa.

Kabla yake kuna kipindi cha mpito kinachoweza kuchukua miaka kadhaa. Hedhi inaruka, inarudi, inakuwa nzito au nyepesi. Joto la ghafla linampanda, usiku analowa jasho, usingizi unakatika. Umbo nalo huanza kubadilika katika kipindi hichohicho.

Mwilini kunatokea nini?

Homoni ya estrojeni ikiwa ya kutosha, mafuta mengi ya mwanamke hukaa kwenye nyonga, makalio na mapaja. Ikishuka, mwili huanza kuyaweka zaidi tumboni, mengine ndani kabisa kuzunguka ini na utumbo.

Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN umewafuatilia wanawake kwa miaka mingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mpito unapoanza, kasi ya kuongezeka mafuta mwilini huwa mara mbili ya ilivyokuwa, huku misuli ikianza kupungua. Hali hiyo iliendelea hadi miaka miwili hivi baada ya hedhi ya mwisho.

Cha kushangaza, uzito wenyewe haukuongeza kasi. Yaani mafuta yanaingia, misuli inatoka, na mizani haisemi kitu. Ndiyo maana mwanamke anaweza kuwa na kilo zilezile lakini nguo zimegoma.

Kilo zinazoongezeka pole pole mwaka hadi mwaka huchangiwa zaidi na umri. Misuli ikipungua, mwili unahitaji chakula kidogo kuliko zamani. Sahani ileile ya ugali iliyomtosha akiwa na miaka 30 inakuwa kubwa mno kwake akifika 50. Kukosa usingizi nako huongeza hamu ya kula.

Kwa nini lisipuuzwe?

Mafuta ya ndani ya tumbo huongeza hatari ya kisukari aina ya pili, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Kipimo chake ni rahisi: tepu ya fundi cherehani. Pima katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kawaida. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 hatari huanza kupanda, na kikizidi 88 inakuwa kubwa zaidi.

Nini kinasaidia?

Kwanza ni misuli. Kutembea ni kuzuri, lakini peke yake hakutoshi. WHO inashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Gym sio lazima. Kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, kusukuma ukuta, au kunyanyua chupa zilizojaa maji ni mwanzo mzuri. Mazoezi haya husaidia pia mifupa, ambayo hudhoofika estrojeni ikishuka.

Pili ni sahani. Ugali au wali upungue kidogo. Maharage, dagaa, mayai na mboga za majani ziongezeke. Protini husaidia kulinda misuli na kushibisha.

Tatu ni sukari ya kunywa. Vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ni vijiko 12 vya sukari. WHO inasema ni bora sukari ya kuongeza isizidi takribani vijiko sita vya chai kwa siku.

Vipi kuhusu chai za kukata tumbo zinazouzwa mitandaoni? Nyingi zina vitu vya kuharisha. Kinachotoka ni maji na choo, mafuta yanabaki palepale. Tiba ya homoni nayo sio dawa ya kupunguza uzito. Hutolewa hasa kwa ajili ya joto la ghafla na dalili nyingine, baada ya daktari kuangalia historia ya mgonjwa, maana haifai kwa kila mtu, mfano aliyewahi kuugua saratani ya matiti.

Wakati wa kwenda hospitali

Kitambi cha ukomo wa hedhi huja taratibu. Mwanamke asisubiri iwapo:

- Tumbo linajaa haraka au ni gumu, anashiba baada ya matonge machache, au nyonga zinauma mara kwa mara. Inaweza kuwa uvimbe au saratani ya ovari.
- Anatoka damu baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone. Hiyo sio hedhi iliyorudi. Inahitaji uchunguzi.
- Ana kiu kali na anakojoa sana, au amechoka na anasikia baridi kupita kawaida. Apimwe sukari na tezi ya shingo.
- Hedhi imeruka na bado yuko kwenye mpito. Mimba bado inawezekana, hivyo apime kwanza. Kwa kawaida uzazi wa mpango huendelea hadi mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyefika miaka 50, na miaka miwili kwa aliye chini ya hapo.

Akienda kliniki, aende na tarehe ya hedhi yake ya mwisho na kipimo cha kiuno. Hayo mawili humsaidia daktari kuliko kusema tu, "nimenenepa."