Kisiwa Nilichokiona kwa Mbali

Siku ya tatu Loiyangalani, mzee wa boti alinipa jibu lile lile: "Leo hapana."

Nilikuwa nimesafiri siku mbili kutoka Nairobi, vumbi hadi kwenye meno, ili nivuke Ziwa Turkana nifike Kisiwa cha Kusini. Kilikuwa pale mbele, cheusi, kama kitu unachoweza kukirushia jiwe. Pesa nilikuwa nazo. Nikaanza kumshuku mzee. Ama anataka niongeze?

"Lakini mzee, si maji yametulia?"

"Hapa imetulia, kijana. Kule katikati, upepo ya Kulal haijalala."

Mimi hicho kisiwa nilikijulia vitabuni. Mwaka wa 1934, mwanajiolojia Mwingereza, Vivian Fuchs, aliongoza msafara wa utafiti kwenye ziwa hili. Mwezi wa Julai, wenzake wawili, Martin na Dyson, walibaki kisiwani wafanye kazi. Siku ya kurudi ikafika, ikapita. Wakatafutwa, hata kwa ndege. Vitu vyao vichache vikaokotwa ufuoni upande wa magharibi, kofia ikiwemo. Miili haikupatikana hadi leo.

Huyo Fuchs si mtu wa mchezo. Mwaka wa 1958 alikamilisha safari ya kulikata bara la Antaktika kwa nchi kavu, wa kwanza kufanya hivyo. Barafu yote ile aliivuka. Ziwa letu ndilo lililomnyang'anya watu wawili.

Nikiwa shule, historia ya ziwa hili ilianza 1888, Teleki na von Höhnel walipolifikia wakaliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa Austria. Tukaandika kwenye daftari kwamba "waligundua". Jina hilo lilidumu hadi 1975, Kenya ilipolibadilisha likawa Turkana. Lakini kuliita ziwa jina si kulijua. Muda wote huo Waelmolo walikuwa hapa, wakivua samaki na kuwinda viboko juu ya maboya ya magogo ya mikoma yaliyofungwa pamoja. Hawakuwa na ramani. Walijua saa ya kutoka na saa ya kukaa nyumbani.

Na huo ujuzi hauko kwenye maktaba yoyote niliyowahi kuingia. Lugha yao ya asili imekaribia kuisha. Wengi sasa wanazungumza Kisamburu. Tunaogopa ziwa likauke, na tuna haki ya kuogopa, lakini kuna kitu kingine kinachokauka pole pole na hakuna anayekipima.

Usiku ule upepo ulishuka kutoka mlimani kama lori lisilo na breki. Paa lililia hadi alfajiri, mchanga ukapenya kwenye chandarua. Kulipopambazuka nikatoka. Ziwa lote lilikuwa na povu jeupe, na kisiwa hakikuonekana.

Mzee alikuwa ameketi nyuma ya boti yake aliyoivuta juu kabisa ya ufuo, akishona wavu. Akaniangalia, wala hakucheka.

"Bado unataka kwenda?"

Nikaketi kando yake. Akanipa upande mmoja wa wavu nishike, na kwa mara ya kwanza tangu nifike, nikamwuliza kuhusu upepo.