Siku Tatu za Muhogo Mchungu



Mjukuu wangu anasoma elimu ya lishe katika chuo kikuu huko Morogoro. Likizo iliyopita alikuja kunitazama hapa Kikole, akanionyesha daftari la somo la kwanza walilofundishwa. Nilidhani nitaona khabari za maziwa, mayai na mboga. Nikaona herufi za Kizungu zimeunganishwa kwa vijistari. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, hii nayo inapikwa?" Akacheka, akasema: "Babu, hii ni kemia. Walimu wanasema asiyeijua hawezi kujua chakula kinafanya nini mwilini. Lakini mimi sioni pa kuishika."

Nataka nikueleze, msomaji, nilichomwambia, kwani khabari hii si ya wanafunzi peke yao. Ni ya kila nyumba yenye chungu cha ugali wa muhogo.

Kwanza jina lenyewe. Kemia ni neno lililokwenda Ulaya kutoka kwa Waarabu, nalo kwao ni al-kimiya. Na Waarabu walikuwa wamepokea mengi katika elimu hiyo kwa Wayunani na watu wa Misri waliowatangulia. Katika mji wa Kufa, karne ya 8, anatajwa Jabir bin Hayyan, ambaye vitabu vingi mno vinanasibishwa kwake, hata wataalamu wa leo wana shaka kuwa vyote ni vya mkono mmoja. Baada yake akaja Abu Bakr al-Razi, tabibu wa mji wa Rayy, aliyefariki karibu na mwaka 925. Huyu aligawa vitu katika mafungu matatu: vya madini, vya mimea na vya wanyama, akaeleza vyombo vyake na namna ya kuchuja, kuyeyusha na kugeuza kitu kuwa mvuke kisha kukirejesha. Hata neno alkali, ambalo mjukuu wangu ameliandika mara nyingi katika daftari lake, asili yake ni al-qali, yaani jivu la mimea. Mama anayetia magadi katika chungu cha maharage anatumia alkali, ijapokuwa hajapata kulisikia jina hilo.

Wako katika wana kimia waliopoteza umri wao kutafuta njia ya kugeuza risasi kuwa dhahabu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliwakatalia. Waliofaidisha watu ni wale walioshughulika na dawa, sabuni, rangi na manukato. Na hao ndio niliotaka mjukuu wangu awafuate. Nikamwambia: "Liweke daftari lako, twende jikoni kwa bibi yako."

Huko jikoni lilikuwapo pipa la maji, na ndani yake muhogo mchungu uliomenywa, siku ya pili. Wewe msomaji wa mjini huenda ukauliza kwa nini mtu apande muhogo mchungu na mtamu upo. Sisi tunaokaa karibu na msitu tunajua. Nguruwe mwitu, nyani na panya huumaliza ule mtamu kabla ya mwenye shamba, mchungu huuogopa. Uchungu ule ni ulinzi, na ulinzi wenyewe ni sumu.

Mmea huu si wa kwetu kwa asili. Umetoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno, na ilipofika karne ya 18 ulikuwa umeshaingia katika pwani yetu. Wenyeji wa Brazil walikuwa na elimu yao ya kuutoa sumu: waliukuna, wakaukamua maji katika kapu refu, kisha wakaukaanga unga wake. Mti ulisafiri, elimu haikusafiri yote pamoja nao. Bibi zetu walilazimika kuitafuta upya, nao wakaipata: kuloweka, kuvundika, kutwanga na kuanika.

Wazungu walikuja kuijua sumu hiyo kwa jina baadaye sana. Mwaka 1782 mtengeneza dawa wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, aliipata asidi hii kutokana na rangi ya buluu ya viwandani. Mwaka 1836 Wafaransa wawili, Henry na Boutron-Charlard, wakaionyesha katika muhogo. Ni haidrojeni, kaboni na naitrojeni, chembe moja moja zilizoshikana, huitwa sianidi.

Sasa sikiliza vipi inavyofanya kazi, kwani hapa ndipo mjukuu wangu alipoanza kutabasamu. Katika muhogo mbichi sianidi haiko huru. Imefungwa pamoja na sukari katika kitu kiitwacho linamarini. Kando yake, katika chumba kingine cha mmea, kimewekwa kimeng'enya, mfano wa ufunguo. Maadamu kuta za vyumba hivyo ni nzima, ufunguo na kufuli havikutani. Mnyama akiutafuna muhogo, kuta huvunjika, vikakutana, na sumu hutoka.

Bibi zetu walifanya hivyo hivyo, ila walihakikisha sumu inatoka nje ya tumbo na siyo ndani yake. Muhogo ukilala majini siku tatu au nne hulainika, kuta zikaoza, kimeng'enya kikaifikia linamarini, nyingine ikachukuliwa na maji. Sianidi iliyotoka huruka, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 26 tu, na mchana wa Kilwa ni joto kuliko hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo kisamvu hutwangwa sana katika kinu kabla ya kuchemshwa: kinu huvunja kuta, na moto huifukuza sumu. Bali ukiukata muhogo mchungu vipande na kuuanika tu, hukauka kabla ya ufunguo kufika kwenye kufuli, na sumu nyingi hubaki humo ikisubiri tumbo lako. Kukauka si kutakasika.

Maji na siku: basi, ndiyo elimu yote. Lakini njaa haina siku za kungoja.

Mwaka 1981 kulikuwa na ukame mkubwa katika jimbo la Nampula, kaskazini ya Msumbiji, kwa Wamakua, jamaa wa Wamakua wa huku kwetu. Mazao yakafa, ukabaki muhogo mchungu, na watu hawakuweza kungoja. Zaidi ya watu 1,100, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafla. Mwanzo ilidhaniwa ni polio. Maradhi haya yaliandikwa na daktari mmoja huko Kongo mwaka 1938, na Wayaka wa huko huyaita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima akaamka miguu imekakamaa. Akili yake ni timamu, lakini kutembea kwake hakurudi kama zamani, wala haijapatikana dawa ya kumrudisha. Mwaka 1985 yalionekana Tarime. Na mwaka 1988, wakati wa njaa katika mkoa wa Mtwara, watu walidhurika kwa unga uitwao chinyanya, ambao hutwangwa muhogo mbichi na kuanikwa mara kwa mara kwa haraka, ili uliwe upesi.

Nami nina langu la kukiri. Zamani nilipokuwa kijana, naanza kusomesha chuoni, katika mwaka wa njaa alikuja mtoto mmoja asubuhi akiyumba. Alisema kichwa kinamzunguka. Akashindwa kusoma, kisha akatapika. Nilimwona mvivu, nikamchapa bakora mbili. Jioni mama yake alinijia, hakunilaumu. Alisema tu kwamba usiku waliula muhogo kabla ya siku zake, kwa kuwa watoto walilia. Mtoto alipona, nami nikaomba radhi. Lakini nilikuwa mwalimu, na nilimpiga mtu aliyelishwa sumu.

Kuna jambo jingine aliloniongezea mjukuu wangu, nami nikawa mwanafunzi wake. Mwili unao uwezo wa kuivunja nguvu sianidi kidogo, lakini unahitaji salfa, ile ambayo wazee wakiiita kibiriti. Nayo mwili huipata katika vyakula vya kujenga mwili: samaki, mayai, nyama, kunde na choroko. Anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa anao ulinzi. Anayeula kwa chumvi na maji, wiki baada ya wiki, hana. Maradhi haya humpata maskini kwa mara mbili: hana muda wa kuloweka, wala hana kitoweo.

Tena sianidi iliyovunjwa nguvu hugeuka kitu kinachozuia madini joto kuingia katika tezi ya shingo, na huko huja rovu. Wewe unayekaa Kilwa au Lindi, penye mashamba ya chumvi, usiseme chumvi yetu inatosha kwa kuwa ni ya bahari. Madini joto huongezwa; tangu miaka ya 1990 sheria ya nchi inataka chumvi ya kula iwe nayo. Uliza kabla ya kununua.

Na kama unga umeshasagwa nawe una shaka nao? Mwanachuoni wa Australia, Howard Bradbury, ametoa njia nyepesi. Changanya unga na maji, uutandaze mwembamba, usizidi unene wa sentimita moja, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini; kisha upike ugali siku ile ile. Sumu hupungua sana. Njia hii imetumika Msumbiji na Kongo, na akina mama wameipenda. Ila isikufanye uache kuloweka.

Ndugu msomaji, sisi husema haraka haraka haina baraka, tukamwambia hivyo mwenye njaa, kisha tukaenda zetu kula. Maneno hayo hayamshibishi. Mwenye njaa hana ujinga wa muhogo. Mama yule aliyenijia alijua siku ni tatu kuliko nilivyojua mimi. Alichokosa ni chakula cha siku hizo tatu. Basi ukisikia mvua zimekata na jirani yako ameanza kung'oa muhogo mchungu, usimpelekee mawaidha. Mpelekee pishi ya unga na fungu la dagaa, awalishe watoto wake mpaka muhogo wake utoke majini.

Mjukuu wangu amerudi Morogoro. Ukurasa wa mwisho wa daftari lake ameandika maneno mawili kwa mkono wake: pipa la bibi. Tunamuomba Mwenyezi Mungu ampe elimu yenye manufaa, na sisi atupe mikono ya kutoa.