Waya na Kibali: Kinanda cha MIDI katika Historia ya Kurekodi Muziki Nyumbani kwa Kurejelea Makazi ya Mishamo

Historia ya kurekodi muziki nchini Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kutoka Dar es Salaam, na hilo linaeleweka kwa kuwa studio zilikuwa huko. Makala hii inaitazama historia hiyo kutoka Mishamo, mkoani Katavi. Hoja yake ni kwamba uwezo wa kuunganisha kinanda na kompyuta ya nyumbani uligusa suala la safari kabla ya kugusa suala la sauti. Kwa jamii ambayo mwendo wake ulidhibitiwa na sheria, tofauti hiyo si ndogo.

Makazi ya Mishamo yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi walioikimbia Burundi kufuatia mauaji ya mwaka 1972. Wengi wao walihamishwa kutoka Ulyankulu, Tabora, ambako idadi ya watu ilikuwa imezidi uwezo wa eneo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Wakimbizi ya mwaka 1965, mkimbizi hakuwa huru kutoka katika makazi aliyopangiwa bila ruhusa. Liisa Malkki, aliyefanya utafiti wake uwandani humo katikati ya miaka ya 1980, anaonesha jinsi kibali cha kutoka kilivyoingia katika kila mpango wa mtu. Wasomaji wa Malkki wamezoea kukisoma kibali hicho kwa upande wa siasa na kumbukumbu ya kitaifa. Kisomwe pia kwa upande wa muziki. Studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam na ile ya Shirika la Filamu Tanzania zilikuwa upande wa pili wa nchi. Reli ya Mpanda, iliyofikishwa huko mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, ilimtaka abiria apite Kaliua na Tabora kabla ya kuielekea pwani. Kwaya yenye waimbaji 30 ilihitaji nauli 30 na, kwa Mishamo, vibali 30.

Wakati huohuo, nje ya nchi, watengenezaji wa vinanda walikuwa wakitafuta lugha moja. Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Roland ya Japani ndio wanaotajwa zaidi katika juhudi hizo. Januari 1983, katika maonesho ya ala za muziki huko California, kinanda cha kampuni moja kiliunganishwa kwa waya na kinanda cha kampuni nyingine, vikaelewana. Mfumo huo ukaitwa MIDI. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba waya wa MIDI haupitishi sauti. Unapitisha taarifa za matendo: ni kitufe kipi kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani kati ya 0 na 127, na kimeachiwa lini. Sauti yenyewe huzaliwa upande wa pili, ndani ya chombo kinachopokea. Hivyo anayepiga peke yake anaweza kurudia, kusahihisha noti moja, kisha kuongeza besi, ngoma na nyuzi mpaka bendi nzima itimie bila bendi kuwapo.

Tanzania ilikuwa bado haijawa tayari kwa jambo hilo. Mwaka 1974 Serikali ilikuwa imezuia uingizaji wa kompyuta, na athari ya uamuzi huo ilidumu muda mrefu. Mabadiliko yalikuja miaka ya 1990, pale sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua milango kwa redio binafsi, na studio za Dar es Salaam kama Mawingu na MJ zilipoanza kutumia vinanda na kompyuta katika muziki ambao baadaye uliitwa Bongo Fleva. Mwaka 1999 kanuni za kupitisha MIDI katika waya wa USB zilichapishwa. Kabla ya hapo, mwenye kompyuta ya kawaida alihitaji kadi ya sauti na waya maalumu wenye pini tano, na alipaswa kukumbuka kwamba tundu la kutolea la kinanda huingia katika tundu la kupokelea la kompyuta, jambo linaloelekea kuwa rahisi mpaka mtu alijaribu.

Kwa mazingira ya Katavi, umuhimu wa USB hauko katika kasi yake bali katika umeme. Waya huohuo unaobeba taarifa hukipatia kinanda kidogo nguvu yake, nayo kompyuta mpakato ina betri. Mpanda mjini kwa miaka mingi ilitegemea majenereta ya dizeli, nje ya Gridi ya Taifa. Vijiji vya Mishamo vilikuwa mbali zaidi na hata umeme huo. Studio ya zamani ilidai meza ya kuchanganyia sauti, mashine ya utepe na umeme usiokatika. Studio ya USB hudai paneli ya sola, programu na visikizi. Kikwazo kinachobaki ni kuchelewa kwa sauti: katika kompyuta dhaifu kitufe hubonyezwa sasa na noti husikika baadaye kidogo, kiasi cha kumvuruga mpigaji. Dawa yake ni programu endeshi inayofaa na kupunguza kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa.

Hata hivyo, mwanahistoria asichukulie kwamba kifaa kikifika katika soko la dunia kimefika kijijini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliifuta ile ya 1965 lakini haikuondoa udhibiti wa mwendo. Zaidi ya watu 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikubaliwa kupewa uraia wa tajnisi, lakini vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Katikati ya miaka ya 1999 na 2014, basi, kulikuwa na kipindi ambacho kisheria waya ungeweza kuvuka mipaka ya makazi kwa urahisi kuliko mpigaji wake. Kwa maoni yangu kipindi hicho ndicho kinachostahili utafiti wa uwandani, kuliko kile kinachofuata uraia.

Utafiti huo una tatizo la vyanzo. Mpangilio wa sauti wa mwaka 1991 unaotumika katika vinanda vingi una sauti 128. Ndani yake mna banjo, koto, sitari na zumari ya Uskoti. Afrika inawakilishwa na kalimba na kengele ya agogo. Inanga ya Warundi haimo, wala ngoma zao. Mpigaji anayetaka inanga huchagua gitaa au kinubi, na faili huandika hivyo: gitaa, au kinubi. Anayelifungua faili hilo baada ya miaka 20 ataziona noti zote na nguvu ya kila kidole, lakini hataona kilichokusudiwa. Zaidi ya hayo, faili la MIDI la wimbo mzima huchukua kilobaiti chache tu, ilhali sauti za waimbaji, zenye maneno ya Kirundi na Kiswahili, huhifadhiwa katika mafaili makubwa ya pembeni yanayojaza diski. Kwa hiyo mtafiti anayekwenda Mishamo abebe diski yake ya nje, na aombe kunakili mafaili ya sauti kwanza, kisha amketishe mpigaji mbele ya kinanda na kumuuliza, noti kwa noti, hiyo gitaa ilikuwa nini.